Mdogo wangu anataka kujiondoa timu ya taifa kama Onana. FIFA watamfungia?

*"Mdogo wangu ana miaka 23, ni winga, anacheza klabu ya daraja la pili huko Ulaya. Ameshaichezea timu yetu ya taifa ya wakubwa mechi 11, zikiwemo za kufuzu Afcon. Mwezi Machi alifika kambini na maumivu ya nyama za paja. Kocha akamwambia mbele ya wenzake kwamba hawa wanaocheza Ulaya wanajifanya watoto wa mayai. Hakupewa hata dakika moja, posho hajalipwa mpaka leo, na aliporudi klabuni akakuta namba yake imeshachukuliwa. Sasa ameandika tamko refu la kustaafu soka la kimataifa na anataka kuliweka Instagram. Anasema Onana alifanya hivyohivyo na mambo yake yakaenda vizuri. Mjomba anasema FIFA watamfungia na klabu haitaweza kumtumia. Rafiki yake anayemsimamia mambo yake anasema tusijali, ana pasipoti ya nchi alikozaliwa mama yetu tangu utotoni, atahamia timu ya huko. Niongeze kwamba mara ya mwisho aliitwa kwa ujumbe wa WhatsApp, siku nne kabla ya kambi. Tufanye nini?"*

Ndugu yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. FIFA haimfungii mchezaji kwa sababu tu amechoka na timu ya taifa. Hata hivyo mjomba hakuokota maneno yake hewani. Kanuni anayoisikia ipo, na imewahi kumweka jukwaani beki wa Liverpool akiwa mzima wa afya. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu mengi uliyoyauliza yamefungwa humo. Huyo rafiki mwenye hoja ya pasipoti nitamfikia pia. Kusema kweli, yeye ananitia wasiwasi kuliko mjomba.

Lakini kwanza Onana, kipa wa Cameroon, maana mdogo wako amemgeuza kuwa kielelezo, na nadhani amesoma nusu ya habari.

Novemba 24, 2022, kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Cameroon ilifungwa 1-0 na Uswisi. Bao lilifungwa na Breel Embolo, mzaliwa wa Yaoundé, ambaye hata hakushangilia. Siku ile André Onana alidaka kama anavyodaka klabuni kwake: anatoka nje ya boksi, anaomba mpira miguuni, anaanzisha mashambulizi kama beki wa kati. Kocha Rigobert Song alitaka kipa wa mtindo wa zamani, akae golini na mpira aupige mbele. Wakashindwana. Novemba 28, saa chache kabla ya mechi na Serbia, jina la Onana halikuwemo kikosini. Akadaka Devis Epassy, ikaisha 3-3. Shirikisho la Cameroon, chini ya rais wake Samuel Eto'o, likatoa taarifa kwamba kipa amesimamishwa kwa muda kwa sababu za nidhamu. Onana akapanda ndege akaondoka Doha. Wenzake wakaifunga Brazil 1-0 kwa kichwa cha Aboubakar dakika za nyongeza, naye akavua jezi kwa furaha na kulambwa kadi nyekundu, lakini timu ikatolewa hatua ya makundi vilevile. Tamko la Onana la kuachana na timu ya taifa lilikuja Desemba 23.

Zingatia mpangilio huo. Aliondolewa kwanza, akaondoka baadaye. Alipoandika tamko lake tayari alikuwa nje ya mlango, na alikuwa golikipa wa Inter ya Italia ambaye miezi sita mbele angedaka fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Manchester City. Hakuna klabu iliyokuwa inampima kwa mechi za Cameroon.

Na tamko lenyewe halikufikisha miezi tisa. Septemba 12, 2023, alikuwa golini tena pale Garoua, katika mechi iliyoamua nani anafuzu Afcon, na ndugu zetu wa Burundi ndio waliokuwa upande wa pili: 3-0. Kocha alikuwa Song yuleyule, rais Eto'o yuleyule. Afcon ilipofika Januari 2024 mvutano ukaanza upya. Alibaki Uingereza kuichezea Manchester United dhidi ya Tottenham tarehe 14, akakosa mechi ya kwanza na Guinea, akadaka dhidi ya Senegal wakafungwa 3-1, kisha akawekwa benchi, akadaka Fabrice Ondoa mpaka timu ilipotolewa na Nigeria. Kwa hiyo kusema "mambo yake yakaenda vizuri" kunahitaji subira kidogo. Klabuni, ndiyo. Kwenye timu ya taifa lile tamko halikumaliza ugomvi hata mmoja.

Kuna wanaochanganya haya na adhabu ya 2021, labda ndiko mjomba alikolitoa neno "kufungiwa". Ile ilikuwa kesi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. UEFA ilimpa miezi 12 baada ya furosemide kukutwa kwenye vipimo, na mahakama ya usuluhishi wa michezo ikaipunguza kuwa miezi tisa. Haina uhusiano wowote na kugombana na kocha wa taifa.

Sasa twende kwenye kanuni.

Mdogo wako ana mkataba na klabu. Na timu ya taifa hana mkataba. Kinachomfunga huko ni kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, kwenye kiambatisho kinachohusu kuwaachia wachezaji waende timu za taifa. Humo imeandikwa kwamba klabu inalazimika kumwachia mchezaji anapoitwa ndani ya tarehe za kalenda ya FIFA, na kwamba mchezaji, kama kanuni ya jumla, analazimika kuitikia. Watu wengi hushtuka kusikia hilo la pili. Wamezoea kudhani timu ya taifa ni hiari. Kwa maandishi ya kanuni, kuitwa ni amri.

Asipoitikia? Hapo ndipo penye meno. Mchezaji aliyeitwa haruhusiwi kuichezea klabu yake katika kipindi chote ambacho alipaswa kuwa na timu ya taifa, isipokuwa shirikisho lenyewe likubali. Na kama hakwenda, iwe hakutaka au hakuweza, zuio hilo linaongezwa siku tano. Klabu ikimchezesha hata hivyo, inaweza kuadhibiwa na mechi ile kuhesabiwa imepoteza. Piga hesabu kwa kalenda: dirisha la kimataifa, yaani zile siku za kalenda ya FIFA, kwa kawaida linaanza Jumatatu na kuisha Jumanne ya wiki inayofuata. Ongeza siku tano, unaangukia Jumapili. Maana yake anakosa mechi ya Jumamosi, ile ya kwanza ligi inaporudi. Na kama ligi yake ni miongoni mwa zile zisizosimama wakati wa mechi za kimataifa, anakosa zaidi. Kwa mchezaji ambaye ndiyo kwanza anatafuta kurudisha namba, Jumamosi moja ni kitu kikubwa.

Kwa hiyo mjomba yuko sahihi nusu: kuna zuio, ni la siku chache, na linafuata wito halali. Adhabu ya miezi au ya maisha kutoka FIFA kwa kukataa kuitwa, hiyo haipo. Shirikisho la nchi linaweza kuwa na kanuni zake za nidhamu na kumsimamisha mtu kuichezea timu yake, kama Cameroon ilivyomfanya Onana pale Qatar. Lakini kumsimamisha mtu asiyetaka kuja ni adhabu ya ajabu, na viongozi wengi wanalijua hilo.

Sasa lile jambo ambalo mdogo wako halijui: kanuni hizo haziweki utaratibu wa "kustaafu". Hakuna fomu ya kujaza wala rejista ya FIFA ambamo jina linafutwa. Mchezaji anaweza kutangaza saa nne asubuhi, na saa sita mchana shirikisho likatuma barua ya kumwita, na barua ile ikawa halali kabisa. Claude Makélélé anajua. Aliiaga Ufaransa baada ya Kombe la Dunia la 2006, na wiki chache baadaye kocha Raymond Domenech akamwita. José Mourinho, kocha wake pale Chelsea, akapandwa na hasira na kusema mchezaji wake amegeuzwa mtumwa. Haikusaidia. Makélélé alikwenda, na akaendelea kuichezea Ufaransa mpaka Euro 2008.

Anayefanana zaidi na mdogo wako ni yule beki wa Liverpool, Joël Matip. Alizaliwa Bochum, Ujerumani, baba Mcameroon, na tangu 2015 alikuwa hajaichezea Cameroon wala hataki tena. Ilipokaribia Afcon ya 2017 kocha Hugo Broos alimwita, Matip na wengine kadhaa wakakataa. Liverpool waliamini mchezaji wao alishamaliza na timu ya taifa. Tatizo likawa moja: je, kuna karatasi inayosema hivyo? Wakati jambo linapelekwa FIFA, Liverpool waliogopa kumchezesha wasije wakaadhibiwa. Januari 15 dhidi ya Manchester United alikaa nje. Siku tatu baadaye kwenye Kombe la FA dhidi ya Plymouth, nje tena. Tarehe 20 ndipo FIFA iliposema hakuna kesi dhidi yake. Klabu ya ukubwa ule, yenye mawakili wa kila rangi, ilimpoteza mtu kwa sababu ya mashaka tu. Klabu ya daraja la pili itafanya nini? Itamweka benchi, na kocha atamwambia "kamalize mambo yako na nchi yako kwanza."

(Cameroon, bila Matip na wenzake, walichukua kombe lile. Februari 5 pale Libreville waliifunga Misri 2-1 baada ya kutanguliwa. Mwambie mdogo wako hilo pia, endapo ndani ya tamko lake kuna sentensi ya "mtanikumbuka".)

Kwa hiyo kinachomlinda mchezaji asiyetaka kuitwa ni makubaliano ya maandishi na shirikisho kwamba halitamwita, kwa muda fulani au moja kwa moja. Tamko la Instagram linasomwa na mashabiki. Idara ya mashindano ya klabu inataka kuona barua yenye sahihi ya katibu mkuu.

Hapa ule ujumbe wa WhatsApp unaingia, na una faida kwenu. Wito halali kwa mchezaji anayecheza nje hutumwa kwa maandishi angalau siku 15 kabla ya siku ya kwanza ya kipindi cha kimataifa, na klabu nayo lazima iarifiwe kwa maandishi wakati huohuo. Klabu ina siku sita kuthibitisha. Kabla ya kuandika neno lolote, mdogo wako aende kwa meneja wa timu pale klabuni, aulize swali moja: mwezi Machi mlipokea barua ya shirikisho, na ilikuja tarehe ngapi? Naifahamu sura ya barua hizo. Ina nembo ya shirikisho juu, imeandikwa kwa klabu na siyo kwa mchezaji, inataja mechi na tarehe zake, siku ya kuripoti, siku ya kuachiwa, na chini pana sahihi na mhuri. Kama klabu inayo, ule ujumbe wa WhatsApp ulikuwa salamu tu za meneja wa kambi. Kama haina, basi mwezi Machi klabu ilimwachia kwa hisani, na siku nyingine akiitwa hivyo klabu ina haki ya kusema hapana bila yeye kugombana na mtu. Wachezaji wengi wanabeba lawama za kukataa kuitwa wakati kisheria hawakuwahi kuitwa.

Kuhusu paja. Hili limenikera kuliko yote kwenye barua yako, na nadhani ndilo chanzo cha mengine. Mchezaji aliyeumia hatakiwi kubishana na kocha kama anaumwa au anajidai. Kanuni inasema aliyeshindwa kuitikia kwa sababu ya jeraha atakubali, kama shirikisho likitaka, kupimwa na daktari wanayemchagua wao. Na kuna sentensi moja ambayo wachezaji wetu hawaambiwi: mchezaji akipenda, kipimo hicho kinafanyika katika nchi anakochezea. Hana haja ya kupanda ndege mbili akiwa na msuli uliochanika ili kuthibitisha kwamba umechanika. Kosa lilianza pale alipopanda ndege akiwa na maumivu bila ripoti ya daktari wa klabu. Simlaumu, najua hofu ya kijana: usipokwenda leo, kesho anaitwa mwingine. Lakini siku nyingine daktari wa klabu aandike ripoti, klabu iitume kwa shirikisho, na yeye mwenyewe ampigie kocha simu. Akifanya hivyo, maneno ya mayai hayana pa kukaa.

Sasa rafiki na pasipoti yake.

Ni kweli kwamba Septemba 2020 FIFA ililegeza kanuni za kubadili timu ya taifa. Vijiwe vingi vilisikia hilo na kuishia hapo. Masharti yenyewe ni magumu, na yote yatimie kwa pamoja: mchezaji awe alikuwa na uraia wa nchi ya pili tayari alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano kwa nchi ya kwanza, mechi yake ya mwisho ya mashindano kwa nchi ya kwanza iwe kabla hajafikisha miaka 21, asiwe amecheza zaidi ya mechi tatu za timu ya wakubwa, iwe imepita miaka mitatu tangu ya mwisho, na asiwe amegusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Mdogo wako ana mechi 11. Mlango umefungwa, na haijalishi pasipoti aliipata lini. Hata akichukia nchi yake mpaka kesho kutwa, kwa timu ya wakubwa ni nchi moja tu iliyobaki kwake duniani. Akitangaza kuiacha hana nyingine ya kwenda.

Na jambo la pembeni: kama nchi yenu ni Tanzania, mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kupeperusha pasipoti ya pili mtandaoni kunaweza kumzalishia tatizo ambalo halihusu mpira kabisa. Kenya sheria ni tofauti tangu katiba ya 2010. Hukutaja nchi, na umefanya vizuri.

Huyo rafiki, je, ana leseni? Tangu 2023 FIFA imerudisha leseni za mawakala wa wachezaji, na hupatikana kwa mtihani. Jina linaweza kutafutwa mtandaoni ndani ya dakika mbili. Mtu anayemshauri kijana aunguze daraja bila kusoma sharti la mechi tatu sidhani kama alifanya mtihani ule. Labda ni rafiki mwema. Abaki kuwa rafiki.

Basi afanye nini? Naona njia tatu, na sitajifanya kwamba nazipenda sawasawa.

Ya kwanza ni tamko. Lina mahali pake. Victor Wanyama, nahodha wa Harambee Stars kwenye Afcon ya 2019, aliaga Septemba 2021 akiwa na miaka 30. Denis Onyango wa Uganda aliaga Aprili mwaka huohuo. Wanaume wenye miaka mingi ya utumishi wanasema asante, mashabiki wanapiga makofi, hakuna anayeumia. Tamko la hasira ni kitu kingine. Mfano mkubwa ni Mesut Özil. Mei 2018, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, yeye na İlkay Gündoğan walipiga picha London na Rais Erdoğan wa Uturuki. Ujerumani ikawaka. Gündoğan alizomewa na mashabiki wa nyumbani pale Leverkusen kwenye mechi na Saudi Arabia. Timu ikatolewa makundi baada ya kufungwa 2-0 na Korea Kusini, na Julai 22 Özil akatoa tamko la sehemu tatu, akamtaja rais wa shirikisho Reinhard Grindel kwa jina, akasema wakishinda yeye ni Mjerumani, wakishindwa ni mhamiaji. Mechi 92, kombe la dunia la 2014, na hakuvaa tena jezi ile. Gündoğan, wa picha ileile, aliendelea kucheza, na kwenye Euro 2024 ndiye aliyekuwa nahodha.

Sisemi Özil alikosea. Alichokisema kuhusu ubaguzi kilistahili kusemwa, na Grindel mwenyewe hakudumu, alijiuzulu Aprili 2019 kwa mambo mengine. Ninachosema ni kwamba Özil alijua bei na akailipa kwa makusudi. Je, mdogo wako, akiwa na miaka 23, yuko tayari kulipa bei hiyo kwa ajili ya kocha ambaye huenda msimu ujao hayupo? Makocha wa timu zetu za taifa unawajua wanavyodumu. Roy Keane aliondoka kambi ya Ireland pale Saipan kabla ya Kombe la Dunia la 2002 baada ya kumtukana kocha Mick McCarthy mbele ya timu nzima, mambo mazito kuliko mayai. Mwaka 2004 alirudi, kwa sababu aliyekuwa anaita wachezaji sasa ni Brian Kerr.

Njia ya pili ni kurudi kambini akiitwa, ameze maneno. Inawezekana, ila asirudi kabla ya kuzungumza na kocha ana kwa ana au kwa simu. Akirudi na donge lake atalitapika kambini, na safari hii mbele ya waandishi.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: aombe kupumzishwa, kwa barua. Ukurasa mmoja usio na lawama, kwa katibu mkuu wa shirikisho, nakala kwa kocha na kwa klabu. Aseme anatibu jeraha, anapigania nafasi klabuni, anaomba asiitwe kwa madirisha mawili au matatu yajayo, na atapatikana baada ya hapo. Aombe jibu kwa maandishi. Wakijibu "sawa", ana karatasi ambayo Matip hakuwa nayo, na klabu inamtumia bila hofu. Wakikataa, angalau klabu inajua mapema na wataalamu wao wataingilia. Kocha wake wa klabu aijue barua kabla haijatumwa. Wengi huona haya kumwambia kocha wa Ulaya mambo ya nyumbani, halafu kocha anayasoma kwenye simu kama mtu mwingine yeyote.

Kuna gharama hata kwenye njia hii, nisikufiche. Mechi za kimataifa ni soko. Uingereza, kwa mfano, mfumo wao wa kibali cha kazi kwa wachezaji wa kigeni unaangalia mechi za timu ya taifa na nafasi ya nchi kwenye viwango vya FIFA. Msaka vipaji wa klabu nyingine anamwona winga kwenye mechi ya kufuzu Afcon dhidi ya beki anayemfahamu, na hapo ndipo simu zinapoanza. Madirisha matatu bila timu ya taifa ni madirisha matatu bila onyesho hilo. Kama mdogo wako anacheza kila wiki klabuni, hasara ni ndogo. Kama amekaa benchi kote kuwili, afikirie mara mbili kabla ya kujinyima jukwaa pekee lililobaki.

Posho ziwekwe kwenye barua yake nyingine, tofauti kabisa. Ukichanganya pesa na maombi ya kupumzika, watasema nje kwamba kijana amegomea nchi kwa ajili ya hela, na hutaweza kuyafuta maneno hayo. Akusanye ujumbe wa kuitwa, tiketi, picha za kambini, orodha ya wachezaji waliolipwa kama wenzake watakubali. Ajue pia kwamba baraza la migogoro la FIFA liliundwa hasa kwa migogoro ya wachezaji na klabu. Madai dhidi ya shirikisho kwa kawaida huanzia kwenye vyombo vya nyumbani, na huenda polepole.

Haya ninayoyaandika ni ya jumla, na sijaona karatasi hata moja. Kuna hali ambazo hamtakiwi kuzimaliza kwa kusoma. Klabu ikimwambia kwamba itamkata mshahara au kumtoa kikosini kwa sababu ya jambo hili, mkataba wake upelekwe kwa wakili wa michezo wiki hiyohiyo, asitie sahihi kitu. Shirikisho likimwandikia barua ya kumwita kwenye kamati ya nidhamu, asijibu peke yake. Vyama vya wachezaji husaidia kwa mambo haya: Kenya wapo KEFWA, Tanzania wapo SPUTANZA, na nchi anayochezea sasa karibu hakika ina chama chake ambacho huenda yeye ni mwanachama bila kujua. Aulize wachezaji wakubwa pale klabuni.

Na paja lisipopona ndani ya wiki mbili tatu, au likimshtua kila akikimbia kwa kasi, aombe picha ya MRI kwa daktari wa klabu. Asisikilize mtu anayemwambia achome sindano acheze. Kama hapati usingizi, hali chakula, hapokei simu zenu, amweleze daktari huyohuyo. Klabu nyingi za Ulaya zina mtaalamu wa saikolojia, na kwenda kumwona hakuandikwi gazetini.

Lile tamko alilokwisha kuliandika asilifute. Akutumie wewe ulihifadhi. Kisha wiki hii akae na meneja wa timu waangalie tarehe ya dirisha lijalo. Wahesabu siku 15 kurudi nyuma, waone kama barua ya kuomba mapumziko inaweza kufika kabla ya wito. Kama muda umeshakwisha na wito ukatangulia, ripoti ya daktari ndiyo iende kwanza, ile barua ifuate baada ya dirisha kufungwa.